Kenchi zilizopitiwa na moto: namna ya kupima mbao za paa kabla ya kurudisha mabati

Nyumba ya tofali ikiungua, mara nyingi kuta hubaki zimesimama na swali gumu linakuwa paa. Mabati yamekunjamana, dari ya jipsamu imeanguka, na juu zimebaki kenchi nyeusi ambazo kwa macho zinaonekana bado zimeshika. Mwenye nyumba anataka kurudi ndani upesi, na hakosekani fundi wa kumwambia kwamba mbao hizo zinahitaji brashi na rangi tu, kisha mabati yarudi. Usikubali wala usikatae kabla ya kupima. Kuna kenchi nyeusi kabisa ambazo ni nzima, na kuna nyingine zenye weusi kidogo tu ambazo hazifai kubeba hata papi (mbao nyembamba zinazofungiwa mabati). Mwongozo huu ni wa paa la kawaida la Tanzania na Kenya: kenchi za mbao laini za paini au msaiprasi, 2x4 na 2x6 (inchi), papi za 2x2 na mabati juu. Karibu na mwisho tumeongeza maelezo ya boriti za mikoko za nyumba za zamani za Pwani.

Kabla ya kuingia

Kwanza pata ruhusa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na polisi wakishaanza kuchunguza chanzo cha moto, usiguse kitu mpaka wamalize, na uombe nakala ya ripoti. Kama nyumba ina bima, kampuni ijulishwe kabla hujabomoa chochote. Mbao iliyokwisha kutolewa na kutupwa haiwezi kudaiwa.

Umeme ukatwe kwenye nguzo na shirika la umeme lenyewe. Kuzima swichi kuu hakutoshi, kwa sababu waya wa kutoka nguzoni hadi kwenye mita bado una umeme, na ganda lake huenda limeyeyuka juu ya bati au juu ya kenchi iliyolowa. Kama kuna sola, kumbuka kwamba paneli inaendelea kutoa umeme wakati wa mchana hata ikiwa imepasuka. Ifunike kwa turubai zito na isiguswe mpaka fundi wa sola aitenganishe. Mitungi ya gesi itolewe nje, hata iliyo mitupu.

Kaa la moto hujificha kwenye maungio, chini ya mbao inayolala juu ya ukuta, na ndani ya ufa wa mbao nene. Pitisha mgongo wa kiganja karibu na maungio bila kugusa. Ukihisi joto siku moja baada ya moto kuzimwa, hapo bado panaungua.

Halafu tazama kuta. Ukuta wa pembetatu wa ubavuni mwa nyumba husimama imara kwa sababu kenchi na papi zinaushika. Paa likiondoka, unabaki mrefu, mwembamba na bila kishikizo, na upepo wa jioni mmoja unatosha kuuangusha. Ushushie timazi. Ukiwa umeinama zaidi ya milimita 15 kwa kila mita moja ya kimo, au una ufa wa mshazari unaopenya upande wa pili, uegemezwe mirunda (miti ya kuegemeza) pande zote mbili kabla ya mtu yeyote kupita chini yake.

Jambo moja la afya linasahaulika mno. Mbao nyingi za paini zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijanikijani, zina shaba, kromiamu na aseniki. Mbao ikiungua, sumu hiyo hubaki kwenye majivu. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 (kitambaa hakizuii vumbi hilo), glavu na nguo za mikono mirefu, na watoto na kuku wakae mbali. Majivu hayo hayafai shambani, na mabaki ya mbao hizo hayafai kupikia wala kukaushia samaki. Lowanisha kidogo, fungasha kwenye mifuko, kisha uliza halmashauri pa kuyapeleka.

Vifaa

Kofia ngumu, tochi ya kichwani, tepu, vernia au rula ya chuma, patasi ya milimita 25, brashi ya waya, bisibisi nyembamba, nyundo yenye makucha, uzi wa fundi, timazi, rangi ya kupuliza ya nyekundu, njano na kijani, kipima unyevu ikiwezekana, daftari na simu ya kupigia picha. Andaa pia mirunda ya kutosha kuegemeza kila kenchi unayoitilia shaka. Kila mrunda ukae juu ya kipande cha ubao ili usizame, na usisimame juu ya kifusi.

Usipande juu ya paa. Kazi yote ifanyike kutoka chini, juu ya jukwaa linalojitegemea. Ngazi iliyoegemezwa kwenye kenchi iliyoungua ni hatari kwako na inaiongezea kenchi mzigo wa pembeni ambao haikutengenezewa.

Hatua ya 1: Chora na uzipe kenchi namba

Chora ramani ya nyumba. Anzia upande mmoja na uzipe kenchi majina K1, K2, K3 na kuendelea. Kila sehemu ya kenchi nayo ipate jina: mbao ya chini inayovuta kuta, mbao mbili za mteremko, kingposti (mbao ya wima ya katikati) na mikingamo ya mshazari. Piga picha kila kenchi, pande zote mbili, kabla ya kukwangua. Ukishaanza kusafisha, ushahidi wa jinsi moto ulivyopita unafutika.

Hatua ya 2: Soma joto la chumba

Vitu vilivyobaki chumbani vinakueleza joto lilifika wapi, na hivyo pa kuchunguza kwa makini hata pale ambapo mbao haikushika moto. Mabomba ya plastiki ya nyaya hulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi, kwa hiyo bomba lililolegea darini peke yake si habari ya kutisha. Zinki ya bati huyeyuka kwenye nyuzi 419. Fremu ya dirisha la alumini iliyotiririka inamaanisha joto lilipita nyuzi 600. Zege hubadilika kuwa na wekundu hafifu likifika karibu nyuzi 300, ingawa hilo hutegemea kokoto zake. Mbao nayo hugeuka mkaa kwenye nyuzi 300 hivi. Basi ukikuta lenta (mkanda wa zege ulio juu ya kuta) yenye wekundu, mbao iliyokuwa imelala juu yake ichunguzwe upande wa chini, ambao hauonekani mpaka uinyanyue.

Kioo kilichopasuka hakisemi lolote. Hupasuka mapema, na hata kwa maji baridi ya bomba la zimamoto.

Wengi pia hudhani mkaa wenye magamba makubwa kama ngozi ya mamba unaonyesha moto mkali, na magamba madogo moto mdogo. Usitegemee dalili hiyo. Ukubwa wa magamba hubadilika kwa aina ya mbao, unyevu wake na hewa iliyokuwapo.

Hatua ya 3: Tenganisha masizi na mkaa

Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Weusi ukitoka na mbao ya chini ikabaki na rangi yake ya asili, hayo ni masizi, na mbao haikupoteza nguvu. Weusi usipotoka, kwangua kwa patasi. Ukikuta tabaka la kahawia lisilopukutika, mbao ilipata joto kali bila kufika kwenye mkaa. Ukikuta unga mweusi unaomomonyoka, hapo umefika kwenye mkaa na kipimo kinaanza.

Katika hatua hii tia alama za mwanzo tu: kijani kwa masizi peke yake, njano kwa kahawia au mkaa mwembamba, nyekundu kwa mkaa unaoonekana wazi pande mbili au zaidi. Hii si hukumu. Inakusaidia kujua pa kuweka mirunda kwanza.

Hatua ya 4: Pima mbao iliyobaki, usipime mkaa

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Mtu anachoma bisibisi, inazama milimita 4, anasema mbao imeungua milimita 4. Lakini mkaa husinyaa na kupukutika, na maji ya zimamoto huubomoa, kwa hiyo unene wa mkaa uliobaki ni mdogo kuliko mbao iliyopotea. Kwangua mkaa wote kwa patasi na brashi mpaka uone mbao safi, kisha pima upana na kimo kilichobaki kwa vernia. Pima sehemu tatu kwa kila mbao: pale palipoungua zaidi, katikati, na milimita 100 kutoka kwenye ungio. Kisha pima mbao ileile mahali ambapo haikuungua kabisa, kwa sababu 2x4 ya dukani mara nyingi haifiki milimita 50 kwa 100.

Baada ya hapo toa milimita 7 zaidi kwa kila uso ulioungua. Tabaka hilo chini ya mkaa linaonekana zima lakini joto limelidhoofisha. Milimita 7 ndiyo kiasi kinachotumika katika kanuni za Ulaya za kubuni mbao dhidi ya moto, Eurocode 5, na kwa ukaguzi wa baada ya moto ni kiasi cha tahadhari kinachofaa. Kwa mbao ya chini ya kenchi, ambayo kazi yake ni kuvutwa, sisi tunatoa maradufu, milimita 14, kwa sababu mbao inayovutwa hukatika ghafla bila kuonya.

Kanuni hizohizo zinachukulia kwamba mbao laini huungua kwa kasi ya milimita 0.65 kwa dakika, na mbao ngumu nzito kama 0.5. Milimita 6 za paini ni dakika tisa tu za moto.

Sasa piga hesabu. Uwezo wa mbao kubeba mzigo bila kuvunjika kwa kupinda hufuata upana mara kimo mara kimo, gawanya kwa 6. Mbao nzima ya 50 kwa 100 inatoa 83,333. Chukua ileile, iliyoungua milimita 6 ubavuni kote kuwili na chini. Ukiongeza zile 7, unapoteza 13 kila uso. Upana unabaki 24, kimo 87, na hesabu inatoa 30,276, yaani asilimia 36 ya uwezo wa mwanzo. Hata ikiungua milimita 3 tu pande hizo tatu, unabaki na 30 kwa 90, ambayo ni asilimia 49.

Linganisha na mhimili wa milimita 150 kwa 150 uliopata jeraha lilelile la milimita 6. Unabaki na asilimia 69. Ndiyo sababu ushauri unaosikika kwamba mbao hujikinga kwa mkaa wake ni wa kweli kwa mihimili minene, na ni hatari ukiuhamishia kwenye kenchi zetu. Mbao yenye unene wa milimita 50 haina kiini cha kujificha. Moto ukiipiga pande mbili, joto linakutana katikati.

Kwa hiyo tunashauri hivi kwa paa la mabati. Papi ya 2x2 yenye mkaa wowote itolewe. Mbao ya 2x4 au 2x6 iliyo na mkaa pande mbili au zaidi itolewe bila mjadala, hata kama ni milimita 3. Iliyoungua uso mmoja tu, chini ya milimita 3, inaweza kubaki kama maungio yake ni mazima na mhandisi ameikubali.

Hatua ya 5: Maungio

Kenchi nyingi zilizopita moto huanguka kwenye ungio, huku mbao zenyewe zikiwa bado zinapimika vizuri. Msumari ni chuma. Kichwa chake kikipata joto, chuma hulipeleka ndani, na mbao inayouzunguka hugeuka mkaa hata kama uso wa nje umeungua kidogo. Tundu linapanuka na msumari unabaki umesimama bila kushika kitu.

Chagua msumari mmoja kwa kila ungio na uuvute kwa makucha ya nyundo. Ukitoka kwa shida, ukilia, na shina lake likiwa safi, ungio liko hai. Ukitoka kirahisi na una weusi mwilini, ungio limekufa, na yaliyo jirani kwenye kenchi hiyo yote yavutwe vilevile. Usirudishe msumari mpya katika tundu la zamani.

Kenchi za kiwandani, zilizoungwa kwa bamba za chuma zenye meno, zihukumiwe kwa ukali zaidi. Meno yale huingia milimita 8 hadi 10 tu. Mkaa wa milimita chache chini ya bamba umekwishakula nusu ya mshiko. Bamba lililobanduka ukingoni hata kwa upana wa wembe lisigongwe nyundo ili lirudi. Kulirudisha hakurudishi mshiko, kunaficha tu tatizo.

Angalia pia kutu. Plastiki ya PVC inayoungua hutoa moshi wenye tindikali ya hidrokloriki, unaoganda juu ya misumari, bolti na mikanda ya chuma inayofunga kenchi kwenye lenta. Kutu ya kahawia inaweza kuonekana ndani ya siku chache. Osha chuma kwa maji mengi na sabuni mapema, na mikanda iliyoliwa ibadilishwe hata kama mbao ni nzima, kwa kuwa ndiyo inayozuia upepo kuling'oa paa.

Hatua ya 6: Mnyooko

Vuta uzi wa fundi kutoka ncha hadi ncha ya mbao ya chini ya kenchi na upime pengo katikati. Kwa paa la nyumba tunatumia kikomo cha urefu gawanya kwa 250: kenchi ya mita 6 isizame zaidi ya milimita 24. Iliyozidi hapo imekwisha, hata kama haina mkaa, kwa sababu kuzama kunakuambia kwamba ungio fulani limeteleza. Pima pia wima kwa timazi. Papi zikiungua, kenchi hukosa kitu cha kuzizuia zisiegemee upande, na zinaweza kulala moja juu ya nyingine kwa mfululizo.

Hatua ya 7: Juu ya ukuta

Nyanyua mbao inayolala juu ya ukuta angalau kila mita 2 na utazame chini yake. Moto huingia kwenye uwazi mdogo kati yake na zege na kuila kutoka chini. Lenta iliyomenyeka hadi nondo zikaonekana ni kazi ya mhandisi, na paa jipya lisiwekwe juu yake kabla hajaipitia. Kwa Tanzania, awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Hatua ya 8: Maji

Mbao zilizonusurika moto zimelowa. Zikifunikwa kwa mabati na dari mpya zikiwa mbichi, kuvu na mchwa humaliza kilichobaki. Subiri unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Sindano za kipima unyevu zichomwe kwenye mbao iliyokwanguliwa, kwa sababu mkaa hudanganya kipimo. Kama huna kifaa, kata kipande kidogo cha mbao isiyotiwa dawa, kipime kwenye mizani, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena. Kipande cha gramu 120 kilichokauka hadi gramu 96 kilikuwa na unyevu wa asilimia 25. Bado.

Boriti za mikoko

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa, sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko zenye tabaka zito la mawe ya matumbawe na chokaa juu yake. Mkoko ni mbao ngumu na huungua polepole, lakini mzigo wake ni mkubwa na hauondoki. Bati huanguka na kuipunguzia kenchi mzigo, ila sakafu ya chokaa inabaki palepale, na maji ya kuzimia moto yanaiongezea uzito. Weka mirunda chini ya sakafu yote ya chumba kabla ya kupima chochote.

Boriti ni ya mviringo, na uwezo wake hufuata kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Yenye milimita 120 ikibaki 100 ina asilimia 58 tu. Kwangua na upime kwa kamba kuizunguka, kisha gawanya kwa 3.14. Zaidi ya yote chunguza ncha zilizozama ukutani: toboa kwa keke nyembamba kwa mshazari kuelekea ndani ya tundu na utazame vumbi linalotoka. Vumbi jeusi maana yake moto uliingia ukutani, na laini lenye harufu ya uozo ni la maradhi ya zamani yaliyokuwapo kabla ya moto. Mabadiliko yoyote katika nyumba za maeneo ya hifadhi yanahitaji kibali cha mamlaka ya mji, kwa hiyo picha na vipimo vyako viwe kamili tangu mwanzo.

Kutoa, kuongeza au kuacha

Kenchi yenye mbao moja tu mbovu, isiyo na mkaa pande mbili au zaidi, inaweza kuongezewa mbao mpya ubavuni. Kwangua mkaa wote, laza 2x4 mpya ikipita angalau milimita 600 ndani ya mbao nzima kila upande wa jeraha, funga kwa bolti mbili za milimita 12 kila mwisho na misumari ya inchi 5 katikati, ncha zikikunjwa upande wa pili. Kenchi yenye mbao mbili mbovu, au ungio la kingposti lililokufa, itolewe yote. Gharama ya 2x4 chache ni ndogo ukiilinganisha na siku za fundi anayehangaika kufufua kenchi, na ndogo zaidi ukiilinganisha na dari jipya.

Mabati yaliyobadilika rangi kuwa bluu au meupe yamepoteza zinki. Likunje kidogo kwa mkono. Lisiporudi lenyewe, chuma kimelainika na halifai.

Ukishamaliza, vuta tena uzi chini ya kila kenchi iliyobaki kabla ya mabati kupanda, andika pengo, kisha pima baada ya mabati yote kufungwa na tena baada ya wiki nne. Pengo likiongezeka zaidi ya milimita 5 kati ya kipimo cha pili na cha tatu, dari lisifungwe. Rudisha mirunda na umwite mhandisi.